Haki ya Kusikilizwa na Taarifa za Siri katika Maamuzi ya Uhamiaji na Uraia Tanzania: Maelezo kwa Mfano wa Kata ya Nzuguni, Dodoma

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi haki ya kusikilizwa inavyokutana na taarifa za siri katika maamuzi ya uhamiaji na uraia nchini Tanzania. Hoja kuu ni kwamba sheria inaweza kulinda jina la mtoa taarifa bila kumficha mtuhumiwa kiini cha tuhuma, na kwamba mkanganyiko kati ya mambo hayo mawili ndio unaozaa dhuluma. Makala yanachambua Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu katika shauri la Anudo Ochieng Anudo la mwaka 2018, uamuzi wa Tume ya Afrika dhidi ya Botswana wa mwaka 2010, pamoja na hukumu za Australia, Uingereza na Kanada. Kata ya Nzuguni imetumiwa kama mfano wa mazingira ambamo taarifa za aina hii huzaliwa: makazi yanayokua haraka, majirani wasiojuana kwa muda mrefu, na stendi inayopokea wasafiri kutoka kila upande wa nchi. Mwishoni unapendekezwa utaratibu wa hatua tano ambao afisa anaweza kuufuata bila kusubiri sheria mpya.

Istilahi kuu: haki ya kusikilizwa, mtoa taarifa wa siri, kiini cha tuhuma, jukumu la kuthibitisha, mapitio ya mahakama

1. Utangulizi

Kata ya Nzuguni ipo mashariki ya kitovu cha Jiji la Dodoma, kandokando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Ndani yake kuna stendi kuu ya mabasi, Soko la Job Ndugai na viwanja vya maonesho ya Nanenane. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini kasi ya uhamaji wa serikali iliongezeka baada ya tamko la mwaka 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Maeneo yaliyokuwa mashamba ya wenyeji yakapimwa viwanja. Watumishi, wafanyabiashara, mafundi na vibarua wakaja kutoka Kigoma, Kagera, Mara, Mbeya na kwingineko. Katika mitaa ya namna hiyo, mtu anaweza kuishi ukuta kwa ukuta na jirani ambaye hajui alikozaliwa, wazazi wake ni nani, wala kwa nini lafudhi yake ni ile.

Mazingira haya yana umuhimu kisheria. Maamuzi mengi ya uhamiaji huanza na neno la mtu: jirani aliyemweleza mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa shina aliyempigia simu afisa, abiria aliyeona watu wasiojua Kiswahili wakishushwa usiku, au mfanyakazi aliyegombana na mwenzake. Neno hilo huitwa taarifa. Aliyelitoa huomba asitajwe, na mara nyingi ana sababu nzuri ya kuomba hivyo. Hata hivyo taarifa hiyo hiyo inaweza kumfanya mtu anyang'anywe pasipoti, awekwe mahabusu, au aondoshwe katika nchi anayoiita yake.

Swali linalojibiwa hapa ni hili: mtu anayekabiliwa na uamuzi wa namna hiyo anastahili kuambiwa nini kuhusu taarifa iliyotolewa dhidi yake, na mamlaka inaweza kuficha nini kwa haki?

Ni muhimu kubainisha mapema kwamba Tanzania haina baraza maalumu la rufaa za uhamiaji kama yalivyo mabaraza ya Uingereza, Kanada au Australia. Uamuzi hufanywa na maafisa wa Idara ya Uhamiaji, na Kamishna Jenerali, na hatimaye na Waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani. Kwa waomba hifadhi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 imeunda kamati ya kitaifa inayochunguza maombi na kumshauri Waziri. Kwa hiyo mjadala wa haki katika utaratibu hapa nchini unahusu kwanza meza ya afisa, kabla ya kuhusu chumba cha mahakama. Upungufu unaotokea mezani pale huwa mgumu kurekebishwa baadaye, kwa kuwa mhusika anaweza kuwa ameshavushwa mpaka.

2. Msingi wa Haki ya Kusikilizwa

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inaeleza kwamba pale haki na wajibu wa mtu vinapohitaji kufanyiwa uamuzi na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, pamoja na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Maneno mawili katika ibara hii yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni "chombo kinginecho", ambalo linaonesha kwamba haki hii haikomei mahakamani. Afisa wa uhamiaji anayeamua hatima ya mtu amo ndani yake. La pili ni "ukamilifu". Kusikilizwa nusunusu si kusikilizwa. Mtu anayeulizwa maswali bila kujua anatuhumiwa nini hutoa majibu, lakini hajajitetea.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelisisitiza jambo hili katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport Limited dhidi ya Jestina George Mwakyoma, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2003. Mahakama ilieleza kwamba haki ya kusikilizwa si kanuni tu iliyorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza, bali ni haki ya msingi ya kikatiba. Kabla ya hapo, katika shauri la James Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililoripotiwa mwaka 1994, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alihusisha ibara hiyo na wajibu wa kutoa sababu: mtu asiyejua sababu ya uamuzi hawezi kuupinga, hivyo haki yake ya rufaa hubaki jina tupu.

Raia ana kinga ya ziada. Ibara ya 17 ya Katiba inampa haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano na kutofukuzwa nchini. Kinga hii ina udhaifu mmoja: inamlinda raia, ilhali tuhuma yenyewe ni kwamba mhusika si raia. Ikiwa mamlaka inaweza kuamua suala la uraia kwa taarifa ambayo mhusika haioni, basi Ibara ya 17 inaweza kuzungukwa kwa sentensi moja. Ndiyo maana utaratibu wa kuamua uraia una uzito uleule wa haki za uraia zenyewe.

Kwa wasio raia, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, katika Ibara ya 12(4), unataka mgeni aliyeingia kihalali aondolewe kwa uamuzi unaofuata sheria tu. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inamruhusu mgeni huyo kutoa sababu za kupinga kuondolewa na kuomba shauri lake lipitiwe upya, isipokuwa pale sababu nzito za usalama wa taifa zinapolazimisha vinginevyo. Mgeni naye hayuko nje ya utaratibu.

3. Kwa Nini Siri Hulindwa

Haitakuwa uadilifu kuzungumzia haki ya mtuhumiwa peke yake. Mtoa taarifa naye ana haki zake, na umma una maslahi yake. Mnamo Juni 2012 zaidi ya watu 40, wengi wao Waethiopia waliokuwa wakisafirishwa kuelekea kusini, walikutwa wamekufa katika eneo la Chitego mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Tukio hilo linakumbusha kwamba barabara zinazopita katika nyanda za kati hutumiwa na wasafirishaji haramu wa binadamu, na kwamba neno moja la mtu aliyeona lori likipakiwa lingeweza kuokoa maisha. Mtu wa aina hiyo hatasema iwapo anajua kesho jina lake litakuwa mikononi mwa wasafirishaji.

Sheria inalitambua hilo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, kama zilivyo sheria nyingine zilizotokana na Sheria ya Ushahidi ya India, inamkinga askari polisi asilazimishwe kusema alikopata taarifa ya kutendeka kwa kosa. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, Na. 20, ilipanua ulinzi huo kwa wanaofichua uhalifu na matendo yanayodhuru umma. Lengo la sheria hizi ni jema.

Hata hivyo ulinzi huo una mipaka miwili. Kwanza, kinacholindwa ni utambulisho wa mtoa taarifa. Haifuati kwamba kila alichosema nacho ni siri. Pili, sheria hizi zinamlinda aliyesema kwa nia njema, hazimgeuzi kuwa shahidi wa kuaminika. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inafaa kuwaonya watu juu ya tabia zao. Haiwezi kuwa kanuni ya ushahidi. Wenye lugha hii wana pia methali nyingine, kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nayo iko karibu zaidi na uzoefu wa maafisa: mtoa taarifa anaweza kuwa na maslahi. Katika kata ambayo kiwanja kimepanda thamani, mtu anayegombania mpaka na jirani yake anajua kwamba njia fupi ya kumaliza ugomvi ni kudai kwamba jirani huyo si Mtanzania.

4. Funzo la Shauri la Anudo

Shauri linalogusa suala hili kwa karibu zaidi ni Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ombi Na. 012/2015, lililoamuliwa na Mahakama ya Afrika jijini Arusha tarehe 22 Machi 2018. Mwombaji alikuwa na cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa yake. Huko ndiko mashaka kuhusu uraia wake yalikoibuliwa, na pasipoti yake ikazuiwa. Agosti 2014 alikamatwa alipokwenda kuifuatilia, na tarehe 1 Septemba 2014 akavushwa hadi Kenya. Kenya nayo ilimwona kuwa ameingia bila kibali na kumrudisha mpakani. Akajikuta akiishi katika ukanda usio wa nchi yoyote, eneo la Sirari, bila nchi inayomkubali.

Serikali ilitegemea uchunguzi wake na maelezo ya watu waliohojiwa kuhusu nasaba ya mwombaji. Maelezo hayo yalipingana. Mahakama ilifanya mambo matatu yanayohusu mjadala huu.

Kwanza, ilieleza ni nani mwenye jukumu la kuthibitisha. Kwa kuwa serikali ndiyo iliyokuwa inapinga uraia ambao mwombaji amekuwa nao tangu kuzaliwa, kwa nyaraka zilizotolewa na mamlaka zake yenyewe, serikali ndiyo ilipaswa kuthibitisha kinyume chake. Pili, iliona kwamba maneno ya mashahidi yanayokinzana hayatoshi, na kwamba kipimo cha vinasaba kingeweza kutoa jibu la kisayansi. Tatu, ililaumu ukosefu wa njia ya kupinga uamuzi mbele ya chombo huru kabla ya mtu kuondoshwa. Mahakama ilikuta kuwa haki ya mwombaji ya kutonyang'anywa uraia kiholela, haki ya kutofukuzwa kiholela na haki ya kusikilizwa na mahakama vimekiukwa. Iliagiza aruhusiwe kurejea nchini, na sheria irekebishwe ili watu wenye migogoro ya uraia wapate njia ya mahakama.

Msimamo kuhusu jukumu la kuthibitisha ulirudiwa katika shauri la Robert John Penessis dhidi ya Tanzania, lililoamuliwa tarehe 28 Novemba 2019: mtu akishatoa ushahidi wa awali wa uraia wake, mzigo unahamia kwa serikali inayoukana.

Mashauri haya hayakuhusu mtu asiye na nyaraka. Yalihusu watu waliokuwa na karatasi rasmi, na maneno ya watu wengine yakashinda karatasi hizo. Historia ya nchi inaonesha kwamba jambo hili halichagui wanyonge pekee. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge, na Balozi Timothy Bandora, miongoni mwa wengine, hawakuwa raia. Watu waliokuwa wameitumikia nchi kwa miaka mingi walijikuta wakitakiwa kueleza wazazi wao walizaliwa wapi. Ikiwa mtu mwenye jina, kalamu na marafiki alipata shida ya kujibu tuhuma ya aina hiyo, fundi wa kujenga aliyehamia Nzuguni kutoka Kasulu ana nafasi ndogo zaidi.

Kuna jambo la kuongeza. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, na uamuzi huo ukaanza kutumika Novemba 2020. Mlango aliopitia mwombaji katika shauri la Anudo sasa umefungwa kwa mkazi mwingine yeyote. Hivyo utaratibu wa ndani ndio uliobaki kuwa kinga halisi.

5. Kiini cha Tuhuma na Jina la Mtoa Taarifa

Hukumu inayotenganisha kwa ufasaha kiini cha tuhuma na jina la aliyeitoa ilitolewa mbali na Afrika Mashariki, ingawa iliwahusu watu wa ukanda huu. Mume na mke kutoka Eritrea waliomba hifadhi nchini Australia. Wakati rufaa yao ikisubiri, mtu fulani aliiandikia mamlaka barua ambayo waombaji hawakuifahamu. Alijitambulisha kwa jina, akaomba barua ibaki siri, akamtuhumu mume kwa mambo mazito, yakiwemo kuhusishwa na mauaji na kuifanyia kazi serikali ambayo mume huyo alidai kuikimbia. Baraza la mapitio halikuwaeleza waombaji lolote kuhusu barua hiyo. Lilikataa rufaa, likaandika katika uamuzi wake kwamba barua ipo lakini halikuipa uzito.

Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Australia, katika shauri lijulikanalo kama VEAL, ilitengua uamuzi huo. Ilieleza kwamba swali la haki katika utaratibu huulizwa kabla ya uamuzi kufanywa. Taarifa inayoaminika, inayohusiana na jambo linaloamuliwa na yenye uzito lazima ielezwe kwa mhusika, hata kama mwamuzi atasema baadaye kwamba hakuitegemea. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusikia tetesi: si rahisi kwa akili ya binadamu kuweka kando alichokwisha kusoma. Mahakama haikusema, hata hivyo, kwamba waombaji wapewe barua yenyewe au waambiwe nani ameiandika. Walistahili kuelezwa kiini cha tuhuma ili waijibu, na hilo lilitosha kuoanisha haki yao na usiri wa mwandishi.

Kinyume cha hali hiyo ni Botswana. Mwaka 2005 Profesa Kenneth Good, raia wa Australia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Botswana, alitangazwa na Rais kuwa mtu asiyetakiwa na akafukuzwa. Sheria ya nchi hiyo ilimruhusu Rais kufanya hivyo kwa taarifa kutoka chanzo chochote anachokiona cha kuaminika, bila kutoa sababu, na mahakama zilizuiwa kuhoji. Mwaka 2010 Tume ya Afrika, katika shauri Na. 313/05, iliona kwamba utaratibu huo umekiuka Mkataba wa Afrika. Msimamo wake unafaa kuzingatiwa Tanzania, ambako Sheria ya Uraia nayo inamwondolea Waziri wajibu wa kutoa sababu katika maombi ya uraia na kujaribu kuzuia uamuzi wake usihojiwe mahakamani.

Uingereza na Kanada zimejaribu njia ya tatu kwa taarifa za usalama wa taifa ambazo hata kiini chake kinadaiwa kuwa siri. Baada ya hukumu ya Chahal ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ya mwaka 1996, Uingereza ilitunga sheria mwaka 1997 kuunda tume maalumu ya rufaa, ambamo wakili maalumu huona nyaraka za siri na kuzihoji kwa niaba ya mrufani. Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la Charkaoui la mwaka 2007, ilibatilisha utaratibu uliomwachia jaji peke yake kazi ya kupima taarifa zilizofichwa. Njia ya wakili maalumu ina kasoro inayojulikana: akishaona siri hawezi tena kuzungumza kwa uhuru na mteja wake. Isitoshe ni ya gharama kubwa. Haifai kwa shauri la kawaida la mkazi wa mtaa anayedaiwa kuwa na asili ya Burundi. Kwa shauri la namna hiyo, kanuni ya VEAL ni nyepesi, haina gharama, na inatosha.

6. Ugumu wa Mtaani

Inaweza kupingwa kwamba katika mtaa mdogo kiini cha tuhuma humfichua aliyeitoa. Pingamizi hili lina ukweli. Mkazi akiambiwa kwamba alisikika akizungumza Kirundi kwenye simu usiku ndani ya chumba chake, atajua kuwa aliyesema ni mpangaji wa chumba cha pili. Akiambiwa kwamba alikiri kuzaliwa ng'ambo ya mpaka siku ya msiba fulani, atawakumbuka waliokaa naye kwenye mkeka. Usiri wa mjini, mtu akitazama kwa makini, mara nyingi ni pazia jembamba.

Jibu lina sehemu tatu. Mosi, kiini kinaweza kuelezwa kwa kiwango cha jumla bila kupoteza maana. Badala ya kutaja usiku na simu, afisa anaweza kusema: "Tuna taarifa kwamba ulizaliwa nje ya Tanzania na kwamba wazazi wako si raia. Unasemaje, na una nani anayewajua wazazi wako?" Swali hilo halimtaji mtu, na linamwezesha mhusika kuleta cheti cha ubatizo, rejesta ya shule ya msingi, au mzee wa kijiji chake.

Pili, pale taarifa inapokuwa nyembamba kiasi kwamba haiwezi kusemwa kwa namna yoyote bila kumfichua mtoaji, afisa ajiulize kama anapaswa kuitumia kabisa. Taarifa inaweza kutumika kuanzisha uchunguzi bila kutumika kufanya uamuzi. Ikimwongoza afisa kwenye ushahidi mwingine unaoweza kuoneshwa, imetimiza kazi yake na inaweza kubaki jaladani. Isipomwongoza popote, udhaifu huo wenyewe ni ushahidi juu ya thamani yake.

Tatu, maslahi ya mtoa taarifa yanaweza kupimwa bila kumtaja. Hata mahakama za uchunguzi wa imani za Hispania, ambazo hazikumbukwi kwa uadilifu, zilimruhusu mtuhumiwa aliyefichwa majina ya mashahidi kutaja maadui zake; mshtaki akiwa miongoni mwao, ushahidi wake ulipungua nguvu. Afisa wa leo anaweza kuuliza swali hilo hilo: una ugomvi na nani, wa kiwanja, wa ndoa, wa kazi, wa deni? Kisha alinganishe majibu na jina analolijua yeye. Iwapo majina yanaoana, uchunguzi uanze upya kwa jicho jingine.

7. Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuandika taarifa wakati inapopokelewa: nani ameitoa, lini, anajuaje analolisema, na ana uhusiano gani na mtuhumiwa. Jina libaki katika jalada lililofungwa, lakini liwepo. Taarifa isiyo na mwenyewe hata kwa afisa haistahili kuwa msingi wa uamuzi.

Hatua ya pili ni kumpa mhusika kiini cha tuhuma kwa maandishi, kwa Kiswahili, kabla ya mahojiano ya mwisho. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Sheria Na. 1 ya mwaka huo, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki. Hakuna sababu ya kumkabidhi mkazi ilani ambayo haielewi. Asiyejua Kiswahili apatiwe mkalimani, na kutojua huko pekee kusihesabiwe kuwa ushahidi dhidi yake.

Hatua ya tatu ni kumpa muda wa kutosha wa kuleta nyaraka na mashahidi. Mtu aliyezaliwa kijijini Kakonko hawezi kuleta barua ya mtendaji wa kijiji chake kwa saa 24 akiwa mahabusu Dodoma.

Hatua ya nne ni kutafuta ushahidi unaojitegemea: rejesta za vizazi, rekodi za shule na zahanati, na pale mgogoro unapohusu nasaba, kipimo cha vinasaba kama ilivyoelezwa katika shauri la Anudo. Mhusika akiwa na nyaraka rasmi, mamlaka ibebe mzigo wa kuonesha kwamba ni batili.

Hatua ya tano ni uamuzi wa maandishi wenye sababu, unaotaja njia za kuupinga, na kuondoshwa nchini kusitekelezwe kabla mhusika hajapata nafasi halisi ya kufika Mahakama Kuu. Maombi ya ruhusa ya mapitio ya mahakama yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi sita, lakini muda huo hauna maana kwa mtu aliyekwisha kuachwa ng'ambo ya mpaka.

Kenya imeyaweka mengi kati ya haya katika Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya mwaka 2015, iliyotungwa kutekeleza Ibara ya 47 ya Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010. Sheria hiyo inataka mhusika apewe taarifa ya mapema, nafasi ya kujieleza, sababu, na maelezo ya ushahidi utakaotegemewa. Tanzania haina sheria moja ya namna hiyo. Hata hivyo hakuna hatua miongoni mwa hizi tano inayokatazwa na sheria iliyopo. Zote zinaweza kuanzishwa kwa waraka wa ndani wa Kamishna Jenerali, huku Bunge likisubiriwa kutunga sheria inayoitikia agizo la Mahakama ya Afrika.

8. Hitimisho

Makala yameeleza kwamba usiri wa mtoa taarifa na haki ya kusikilizwa havipingani kwa asili yake. Vinaonekana kupingana pale mamlaka inapolichukulia jina la msemaji na maneno aliyoyasema kuwa kitu kimoja. Jina linaweza kufichwa na mara nyingi lifichwe. Kiini cha tuhuma hakifichwi isipokuwa kwa sababu nzito iliyopimwa na mtu mwingine asiye mchunguzi mwenyewe. Mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa anayekana nyaraka alizozitoa mwenyewe.

Kwa watafiti, eneo linalohitaji kazi ni lile ambalo hukumu hazilifikii: mashauri yanayoishia kwenye ofisi za mikoa, ambako hakuna ripoti ya sheria inayochapishwa na wahusika wengi hawana wakili. Utafiti wa majalada hayo, kwa kibali cha mamlaka na kwa kulinda majina, ungeonesha ni maamuzi mangapi yalitegemea neno la mtu mmoja, na ni mangapi yalibadilika baada ya mhusika kuambiwa anatuhumiwa nini. Stendi ya Nzuguni itaendelea kupokea mabasi usiku na mchana, na wanaoshuka wengi wao ni Watanzania wanaotafuta kiwanja, kazi au shule. Kila mmoja wao anaweza siku moja kutajwa na mtu asiyemjua. Jiji lenye wageni wengi namna hii linahitaji utaratibu unaoweza kumtenganisha mgeni wa mtaa na mgeni wa nchi, nao huanza kwa kumwambia anayetuhumiwa kile anachotuhumiwa.